Kifafa Baada ya Kiharusi: Lawama Iende kwa Waya au kwa Jeraha?

Katika vijiji vya delta ya mto Tana, kuanzia Idsowe na Garsen hadi Ngao na Tarasaa, kiharusi hakihitaji kuelezwa. Mtu ameamka mdomo umepinda, mkono hauinuki, maneno yanakwama. Kinachowatatiza jamaa ni kile kinachoweza kuja wiki au miezi baadaye: mgonjwa aliyekwisha kuanza kutembea kwa mkongojo anaanguka ghafla, anakakamaa, anatukutika, povu linamtoka. Mmoja atasema ni kiharusi cha pili. Mwingine atasema ameingiliwa na pepo. Na sasa, kwa kuwa hospitali kubwa za Nairobi zinaweza kupitisha waya mwembamba mshipani na kuvuta bonge la damu lililoziba ubongo, limeongezeka jibu la tatu: waya huo ndio uliomharibu.

Jibu hilo la tatu halifai kupuuzwa, kwa sababu hata madaktari wamelijadili kwa miaka. Uchambuzi huu unapanga hoja zinazoshindana, unazipima moja moja, kisha unauliza matokeo yake yana maana gani kwa mtu anayeishi mamia ya kilomita kutoka hospitali yenye waya huo.

Msingi wa jambo

Kiharusi ni cha aina mbili. Katika ya kwanza, bonge la damu huziba mshipa na sehemu ya ubongo ikakosa damu. Katika ya pili, mshipa hupasuka na damu ikamwagika ndani ya ubongo. Kwa macho aina hizi hazitofautishiki kwa uhakika. Picha ya CT ndiyo inayozitenga. Bila picha hiyo daktari amefungwa mikono, maana dawa ya kuyeyusha damu inayomwokoa mgonjwa wa kwanza inaweza kumuua wa pili.

Dawa hiyo, alteplasi, ilithibitishwa mwaka 1995 kwa wagonjwa waliotibiwa ndani ya saa 3 tangu dalili zianze. Mwaka 2008 muda ulisogezwa hadi saa 4 na nusu. Udhaifu wake ni kwamba bonge kubwa katika mshipa mkubwa mara nyingi haliyeyuki. Hapo ndipo ilipoingia thrombektomia: daktari huingiza mrija kupitia mshipa wa paja au wa kifundo cha mkono, akaupandisha hadi ubongoni, kisha akalinasa bonge kwa wavu mdogo au kulifyonza. Mwaka 2015 majaribio matano yalitangaza matokeo kwa kufuatana. Yalipojumlishwa yalikuwa na wagonjwa 1,287. Kati ya waliovutwa bonge, asilimia 46 waliweza kujitegemea baada ya siku 90. Kati ya waliopewa matibabu ya kawaida peke yake walikuwa asilimia 26.5. Mwaka 2018 majaribio ya DAWN na DEFUSE 3 yalionyesha kwamba wagonjwa waliochaguliwa kwa picha maalumu wanaweza kufaidika hata kati ya saa 6 na saa 24.

Kutukutika nako kuna nyakati mbili. Kunakotokea ndani ya siku 7 za kwanza ni kelele ya ubongo uliojeruhiwa upya: chumvi zimevurugika, seli zinakufa na kumwaga kemikali za kusisimua. Kunakotokea baada ya siku 7 ni habari nyingine. Hapo kovu limekwisha kujengeka na seli zinazolizunguka zimejiunga upya kwa njia isiyo ya kawaida. Utafiti wa Rochester, Minnesota, uliochapishwa mwaka 2009, ulikuta kwamba waliotukutika mapema baada ya kiharusi walikuwa na uwezekano wa asilimia 33 wa kutukutika tena bila kichocheo ndani ya miaka 10. Kwa waliotukutika baadaye, kiwango kilikuwa asilimia 71.5. Kwa sababu hiyo, chini ya maelezo ya kimataifa ya mwaka 2014, tukio moja tu la baadaye kwa mtu aliyepata kiharusi linatosha kuitwa kifafa.

Kutukutika baada ya kiharusi hutokea mara ngapi? Uchunguzi wa vituo vya nchi kadhaa uliochapishwa mwaka 2000 ulikuta asilimia 8.9 ya wagonjwa wa kiharusi walitukutika: asilimia 8.6 kwa walioziba mshipa na asilimia 10.6 kwa waliopasuka mshipa. Kwa lugha nyepesi, takriban mgonjwa mmoja kati ya kumi na mmoja.

Hoja ya kwanza: kuzibua huongeza hatari

Wanaoshikilia hoja hii wana sababu tatu. Ya kwanza inahusu dawa inayotangulia waya. Wagonjwa wengi wanaovutwa bonge huwa wamepewa alteplasi kwanza, na kemikali hiyo, ambayo mwili pia huitengeneza wenyewe, husisimua seli za ubongo. Mwaka 1995 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba panya waliozaliwa bila kemikali hiyo walistahimili zaidi sumu inayosababisha mitukutiko. Ya pili inahusu damu inaporudi kwa kishindo. Sehemu iliyokaa na njaa ya hewa ikipokea damu ghafla huweza kuvimba, na mishipa dhaifu huweza kuvuja. Damu inayovuja juu ya ubongo huacha madini ya chuma, na chuma ni kichokozi kinachojulikana cha kifafa. Ya tatu ni ya hesabu: tiba hii huwaokoa watu ambao zamani wangekufa au kulala kitandani bila fahamu, na aliye hai ndiye anayeweza kuugua kifafa.

Nguvu ya hoja hii ni kwamba kila kiungo chake kinaelezeka kibayolojia. Udhaifu wake ni kwamba viungo hivyo havijaunganishwa kwa binadamu. Panya wa maabara hawathibitishi kinachotokea kwa mzee mwenye presha. Tena, katika majaribio yale matano uvujaji mkubwa wa damu ubongoni ulikuwa karibu sawa pande zote mbili: asilimia 4.4 kwa waliovutwa bonge na asilimia 4.3 kwa wasiovutwa. Kama waya wenyewe ungekuwa chanzo kikubwa cha kuvuja, tofauti ingeonekana hapo. Nayo sababu ya tatu, hata ikiwa kweli, haiwezi kuwa shutuma. Hakuna familia ambayo ingechagua mazishi ili kukwepa uwezekano wa kifafa.

Hoja ya pili: kuzibua hupunguza hatari

Upande wa pili huanzia kwenye ukubwa wa kovu. Kifafa cha baadaye huchipuka pembezoni mwa sehemu iliyokufa, hasa kwenye gamba la juu la ubongo. Tiba ikipunguza sehemu inayokufa, inapunguza pia mpaka ambako kifafa huzaliwa. Mkulima wa mpunga wa delta ataelewa: mfereji ukizibuliwa mapema, miche iliyokuwa imeanza kunyauka huinuka, na shamba lililokufa linabaki kipande kidogo karibu na kizuizi. Ubongo hupoteza takriban seli milioni 1.9 kwa kila dakika ambayo mshipa mkubwa umeziba, kwa hiyo saa moja iliyookolewa ni sehemu kubwa ya ubongo.

Mantiki hii ni safi, na inaafikiana na ukweli kwamba waliozibuliwa huwa na ulemavu mdogo zaidi. Lakini nayo ina tundu. Kuzibua si lazima kuokoe eneo lote. Mara nyingine kitovu cha ubongo hufa huku gamba la juu likipona nusu nusu, na seli zilizojeruhiwa bila kufa zinaweza kuwa tete kuliko zilizokufa kabisa. Pia kuna mabonge yanayovutwa nusu, au yanayovunjika na kuziba mishipa midogo ya mbele. Hoja ya pili ni kweli kwa mgonjwa aliyefika mapema na mshipa wake ukafunguka vizuri. Kwa aliyechelewa haina uhakika huo.

Hoja ya tatu: mkosaji ni jeraha

Kundi la tatu linasema swali lenyewe limeulizwa vibaya. Mwaka 2018 watafiti waliofuatilia wagonjwa wa Uswisi, na kuhakikisha matokeo yao Austria, Ujerumani na Italia, walitunga kipimo kiitwacho SeLECT cha kukadiria uwezekano wa kifafa baada ya kiharusi cha kuziba. Kina alama 9. Kiharusi kikali hutoa 2, gamba la juu la ubongo likiguswa 2, mshipa wa kati wa ubongo ukihusika 1, mshipa mkubwa ukiwa umeziba kwa mafuta na ugumu wa kuta zake 1, na kutukutika ndani ya siku 7 hutoa 3. Asiye na alama yoyote ana uwezekano wa asilimia 0.7 ndani ya mwaka mmoja. Mwenye alama zote 9 ana asilimia 63 ndani ya mwaka na asilimia 83 ndani ya miaka 5.

Sasa tazama ni nani anayepelekwa kuvutwa bonge. Ni mgonjwa mwenye kiharusi kikali, kilichoziba mshipa mkubwa, mara nyingi mshipa wa kati, na kwa kawaida gamba la juu limeguswa. Yaani kabla daktari hajashika waya, mgonjwa huyo amekwisha kubeba alama 5. Ukimlinganisha na mgonjwa wa kiharusi chepesi aliyepewa aspirini akarudi nyumbani, lazima uone kifafa kingi zaidi upande wa waya. Walioongozwa na ulinganisho wa namna hiyo wamehesabu uzito wa ugonjwa kama kosa la tiba.

Ubora wa hoja hii ni kwamba inaeleza kwa nini tafiti za awali zilipingana: kila moja ililinganisha watu tofauti. Utafiti wa vituo vingi uliochapishwa mwaka 2021, uliowapanga wagonjwa kwa kufanana, haukupata ushahidi kwamba dawa ya kuyeyusha au kuvuta bonge kunaongeza mitukutiko ya mapema wala kifafa cha baadaye. Upungufu wake ni kwamba kuwapanga watu kwa kufanana si sawa na kuwagawa kwa kura. Upungufu mwingine ni wa kijiografia: kipimo cha SeLECT kilijengwa kwa wagonjwa wa Ulaya. Huku kwetu kiharusi huwapata watu wenye umri mdogo zaidi, na sababu zake ni pamoja na presha isiyotibiwa, magonjwa ya vali za moyo, selimundu na virusi vya UKIMWI.

Mizani inaelekea wapi

Ukiziweka hoja tatu pamoja, ya tatu inashinda. Uwezekano wa kifafa hufuata ukubwa na mahali pa jeraha. Hoja ya kwanza inabaki na thamani kama onyo kwa mgonjwa aliyevuja damu baada ya tiba. Huyo afuatiliwe kwa karibu. Hoja ya pili inabaki kama tumaini kwa anayefika mapema. Hakuna kati yake inayotoa sababu ya kukataa kuvutwa bonge. Faida ya kujitegemea imethibitishwa kwa majaribio ya kura, ilhali madhara ya kifafa kutokana na waya wenyewe hayajathibitishwa.

Jambo moja huwachanganya hata wahudumu. Baada ya mtu kutukutika, upande mmoja wa mwili unaweza kulegea kwa saa kadhaa, pengine hadi siku moja na nusu, kisha nguvu zikarudi zenyewe. Kwa aliyewahi kupata kiharusi, hali hii hufanana kabisa na kiharusi kipya. Kinyume chake pia hutokea: kiharusi kinachoanza kwa kutukutika huchukuliwa kuwa kifafa tu, na saa za kuzibua zikapita. Njia salama ni kuhesabu ulegevu mpya kuwa kiharusi hadi picha ikanushe.

Kumeza dawa kabla, au kusubiri?

Kutokana na hofu ya kifafa, familia nyingine huuliza kwa nini mgonjwa asipewe dawa ya kifafa tangu siku ya kwanza. Faida inayotarajiwa ni dhahiri, lakini gharama yake husahaulika. Takriban wagonjwa tisa kati ya kumi hawatatukutika, na wote wangemeza dawa zinazoleta usingizi na kizunguzungu wakati ambapo wanapaswa kujifunza upya kutembea na kusema. Isitoshe, hakuna dawa iliyothibitika kuzuia kovu lisizae kifafa. Dawa hizi huzima mitukutiko zinapomezwa, basi. Ndiyo maana mwongozo wa shirika la kiharusi la Ulaya wa mwaka 2017 haupendekezi kinga ya jumla kwa wasiowahi kutukutika.

Aliyetukutika mara moja mapema huweza kupewa dawa kwa muda mfupi kisha ikaachishwa kwa utaratibu. Aliyetukutika baada ya siku 7 huanzishiwa matibabu ya muda mrefu. Hapo huibuka tatizo la uchaguzi. Fenobabitoni ni nafuu na ndiyo inayopatikana kwa urahisi zaidi vijijini, lakini pamoja na fenitoini na kabamazepini, huchochea ini kuvunja dawa nyingine kwa kasi, zikiwemo warfarini na dawa mpya za kuzuia damu kuganda. Mgonjwa anaweza kukomeshewa kifafa huku bonge jipya likijiandaa. Levetirasetam na lamotrijini hazina usumbufu mkubwa wa aina hiyo, ila bei na upatikanaji wake ni kikwazo. Kwa hiyo mgonjwa wa moyo anayemeza dawa ya kuzuia kuganda ana sababu ya kupewa kipaumbele cha dawa hizo mpya, ilhali anayemeza aspirini pekee anaweza kutibiwa kwa fenobabitoni kuliko kukosa dawa kabisa.

Idsowe katika hesabu hii

Mjadala wote huu unachukulia kwamba mgonjwa amefika hospitalini kwa wakati. Kutoka Idsowe, mlango wa kwanza ni kituo cha afya cha Garsen au hospitali ya Ngao. Malindi iko zaidi ya kilomita 100 kusini, na Mombasa kwenye hospitali kuu ya rufaa ya Pwani ni zaidi ya kilomita 100 nyingine. Hola, makao makuu ya kaunti, iko upande wa kaskazini. Nairobi, ambako tiba ya waya imejikita, ni mwendo wa zaidi ya kilomita 500 kwa njia yoyote ile. Na hiyo ni barabara ikiwa kavu. Mafuriko ya Novemba 2023, na tena ya Aprili na Mei 2024, yalikata barabara na kuwahamisha watu wa Tana River, na katika msimu kama huo saa 4 na nusu zinaweza kwisha mtu akisubiri mashua.

Kwa mtazamo huo, hatari kubwa ya kifafa kwa mtu wa Idsowe inatokana na kukosa kuzibuliwa. Jeraha lisilotibiwa hukua hadi mwisho wake, na kovu lake ndilo kubwa. Lawama inayorushwa kwa waya inamgusa mgonjwa mmoja mmoja aliyebahatika kuufikia, huku wengi wakiachwa na ukubwa kamili wa jeraha.

Kifafa chenyewe si kigeni katika ukanda huu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013, uliofanywa katika maeneo matano ya Afrika likiwemo la Kilifi, jirani ya Tana River, ulikadiria watu 7.8 kwa kila 1,000 huko Kilifi wana kifafa cha mitukutiko kinachoendelea. Utafiti wa aina hiyo umetufunza mengi kuhusu matatizo ya uzazi, majeraha ya kichwa na minyoo ya ubongo. Kwa sababu hiyo mhudumu wa kijijini anakifahamu zaidi kifafa cha mtoto na kijana kuliko cha mzee aliyepooza. Mzee huyo hupotea katikati: kliniki ya presha haimuulizi kuhusu kutukutika, na kliniki ya kifafa haimtarajii.

Mazingira ya mto nayo yana masharti yake. Anayeweza kutukutika bila onyo hafai kuvuka peke yake kwa mtumbwi, kuvua peke yake, wala kukaa karibu na moto wa kuni bila mwenziwe. Akianza kutukutika, alazwe ubavu, vitu vigumu viondolewe karibu, asitiwe kijiko wala kidole mdomoni, na mtu atazame saa. Zikipita dakika 5 bila kukoma, hiyo ni dharura ya hospitali.

Fedha chache, milango mingi

Swali la sera ni hili: shilingi ya kaunti ielekezwe wapi? Kituo cha kuvuta bonge kinahitaji mashine ya picha za mishipa, madaktari bingwa na zamu ya usiku na mchana. Kwa kaunti yenye watu waliotawanyika kama Tana River, kukijenga peke yake ni ndoto ya gharama. Kusubiri Mombasa au Nairobi iwahudumie wote nako ni kukubali kwamba wengi watachelewa.

Katikati kuna hatua zenye faida kubwa zaidi kwa kila shilingi. Uchunguzi wa kitaifa wa Kenya wa mwaka 2015 ulikuta asilimia 23.8 ya watu wazima wana presha ya juu, na asilimia 56 hawakuwahi kupimwa maishani. Kupima na kutibu presha hukata mizizi ya aina zote mbili za kiharusi, ikiwemo ya kupasuka ambayo waya hausaidii na ambayo hutukutisha zaidi. Inayofuata ni picha ya CT iliyo karibu na simu ya daktari wa kuisoma, ili alteplasi itolewe kwa anayefaa na rufaa iamuliwe mapema. Ya tatu ni dawa ya kifafa isiyokatika, kwa sababu mgonjwa anayeacha dawa ghafla huweza kutukutika vibaya kuliko mwanzo.

Mfumo mpya wa bima ya Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA), ulioanza Oktoba 2024, una mfuko wa afya ya msingi na mfuko wa dharura na magonjwa sugu pamoja na ule wa bima yenyewe. Kiharusi chenye kifafa hupita katika mifuko yote mitatu: presha katika wa kwanza, siku za dharura na dawa za miaka katika mingine. Mgonjwa atapata nafuu iwapo mifuko hiyo itamfuata njia nzima badala ya kumwacha kila anapovuka mpaka wa mmoja kwenda mwingine.

Muhtasari

Kifafa baada ya kiharusi ni jambo la kweli: takriban mgonjwa mmoja kati ya kumi na mmoja hutukutika, na uwezekano wa kifafa huongezeka jeraha likiwa kubwa, likigusa gamba la juu la ubongo au likiambatana na kutukutika mapema. Ushahidi uliopo hauonyeshi kwamba kuvuta bonge la damu ndiko kunakokileta. Wanaofanyiwa tiba hiyo ndio waliokuwa na hatari kubwa tangu mwanzo. Dawa za kinga kwa kila mgonjwa hazina msingi, ila aliyetukutika baada ya siku 7 anahitaji matibabu ya muda mrefu, na dawa yake ichaguliwe kwa kutazama dawa nyingine anazomeza. Kwa Idsowe na Garsen, mjadala wa waya usifunike mambo yanayoweza kufanyika sasa: presha kupimwa kijijini, ulegevu wa ghafla kukimbizwa hospitalini hata ukianza kwa kutukutika, na kila anayeruhusiwa kurudi nyumbani baada ya kiharusi aulizwe kuhusu kutukutika katika kila miadi yake.